Baraza la Wanasayansi na Haki ya Kuuliza



Jumuiya za wanasayansi, kama ile iliyoasisiwa Dublin mwaka 1731 na nyinginezo za Ulaya, zilisimama juu ya kaida iliyo nyepesi kutajwa na nzito kutekelezwa: kwamba aliyegundua jambo hasadikiwi kwa cheo chake wala kwa umbali wa safari yake, bali huja barazani, akasoma makala yake mbele ya hadhara, akaweka mezani ndege au jiwe alilolileta, kisha akaketi kungojea maswali, na katibu akayanakili yote yaliyosemwa.

Kaida hiyo ilitufikia mwaka 1909, ilipoundwa Nairobi Jumuiya ya Historia ya Maumbile ya Afrika Mashariki na Uganda, ambayo mwaka uliofuata ilikuwa na jarida lake, na ambayo mikusanyo ya wanachama wake ndiyo iliyozaa makumbusho ya Nairobi. Entebbe nao wakaanzisha jumuiya yao ya fasihi na sayansi mwaka 1923. Miongoni mwa waasisi wa ile ya Nairobi walikuwamo wawili ambao nchi hii ilikwisha kuwajua: Frederick Jackson, aliyeupanda Mlima Elgon mwaka 1890, na C. W. Hobley, ambaye habari zake hazitengani na ngome za Lumboka na Chetambe, wala na damu ya Wabukusu iliyomwagika huko mwaka 1895. Siyasemi haya kuidharau ilimu yao, maana kitabu cha Jackson juu ya ndege, kilichotoka mwaka 1938 naye amekwisha kufariki, kingali na manufaa makubwa. Nayasema kwa kuwa ndege wa milima hii walikuwa na majina vinywani mwa wenyeji tangu zamani, ilhali mchukuzi aliyewabeba hakuwekewa kiti katika baraza la kuwajadili. Hata Kitale, Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1926, alikusanya vipepeo na ndege kwa miaka mingi kama mtu binafsi, na hazina ile haikuwa mali ya umma ila baada ya kufa kwake mwaka 1966, makumbusho mapya yakafunguliwa 1974.

Baraza lenyewe si geni kwetu. Akisha kuzikwa mzee wa Kibukusu mwenye hadhi, huitwa msemaji wa kumuse, naye hutembea huku na huko mbele ya waombolezaji, fimbo mkononi, akisimulia nasaba, vita na uhamaji, na watu humsikiliza kwa taadhima. Adabu hiyo ya kusikiliza tunayo kamili. Iliyopungua ni adabu ya pili, ya kumuuliza msemaji amejuaje, nayo ndiyo mhimili wa baraza la sayansi.

Naomba basi chama cha namna hiyo kianze hapa hapa Myanga, kwa Kiswahili na Kibukusu, na msomaji wa kwanza awe mkulima aliyepima mvua ya shamba lake msimu hata msimu. Daftari lake lipite mkono kwa mkono, na mwanafunzi wa kidato cha pili apewe ruhusa ya kusimama na kumuuliza mkulima huyo iwapo chombo chake cha kupimia kilikaa uwanjani au chini ya mwembe.