Nyuzi za Mkonge Kwenye Lami: Tuanze na Jiwe la Masasi



Hapa Nanganga tumo katika bonde la mto Lukuledi. Kusini kwetu kuna uwanda wa Makonde, ambako ardhi ni mchanga na mwamba mgumu ni wa kutafuta. Kuelekea Masasi vimesimama vilima vya mawe, na jiwe la vilima vile ni la jamii ya graniti na naisi, lenye silika nyingi. Jiwe la namna hiyo hupenda maji kuliko lami. Maji yakipenya kwenye ufa hujipitisha kati ya jiwe na utando wa lami, utando ukabanduka, kokoto zikang'oka. Shimo mnalolifukia kila Aprili huanzia hapo.

Kwetu mzigo na maji huja pamoja. Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba, na malori ya kwenda bandari ya Mtwara huwa bado yako njiani mvua za Desemba zinapoanza.

Siku hizi nyuzi zinazochanganywa na lami zinasifiwa sana kama dawa, na zinastahili sifa kiasi. Katika mchanganyiko wa kokoto nyingi uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1960, nyuzi za selulosi huwekwa takriban asilimia 0.3 ya uzito wote ili lami ya moto isichuruzike ndani ya lori. Utando huwa mnene, hivyo huchelewa kukauka kwa jua. Nyuzi ndefu kidogo huzuia pia ufa usifunguke haraka.

Lakini uzi hushikana na lami. Jiwe likishaiachia lami, nyuzi zitashikilia nini? Kwa jiwe la Masasi, dawa ya kwanza ni chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kokoto.

Sasa mkonge, zao lililoingia nchini mwaka 1893 na ambalo Lindi ililima katika mashamba makubwa. Singa zake hustahimili joto la kuchanganyia lami, nyuzijoto 160 hivi, kiwango ambacho nyuzi za polipropilini huanza kuyeyuka. Joto likivuka 200, singa zinaungua. Taabu yake ni nta ya juu na unyevu: zioshwe kwa maji ya magadi makali, zikaushwe kabisa, zikatwe fupi. Zikiachwa ndefu hujifunga madonge, na donge ndani ya lami ni shimo la kesho.

Napendekeza vipande vitatu vya majaribio kwenye barabara ya kupanda Newala: lami tupu, lami na chokaa, lami na chokaa pamoja na mkonge. Kabla ya hapo, tuchemshe mchanganyiko dakika 10 na kuhesabu mawe yaliyovuliwa lami. Kisha sampuli zilowekwe saa 24 katika maji ya nyuzijoto 60. Isiyobakiza asilimia 80 ya nguvu yake ya kuvutwa isipelekwe barabarani, hata kama mkonge wake ni wa bure.