"Baba" Amesoma "Dada"



Leo tuzungumze juu ya mtoto anayeona neno "baba" akasoma "dada". Kuhesabu maembe anajua, hadithi anazijua, ila herufi zinamchanganya. Je, ni mjinga? La! Mwaka 1896 Daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili nzuri, ambaye kusoma kulimshinda. Tatizo hilo huitwa disleksia. Si uvivu, na fimbo haliponyi.

Basi tufanyeje? Mwaka 1907 Daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto mjini Roma, Italia. Humo mtoto alichagua kazi yake mwenyewe. Zilikuwepo herufi za karatasi ya msasa. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Sisi kijijini tunaweza kuandika kwenye mchanga.

Lakini tuangalie jambo moja. Mtoto huyu akiachiwa tu achague, huenda akazikwepa herufi kila siku. Hapo mwalimu asinyamaze. Kama mtoto anapenda mbuzi, aanze na b ya mbuzi. Dakika 10 zatosha, lakini kila siku. Herufi d ingoje mpaka b izoeleke.

Ndugu zetu, ninyi mliojifunza kusoma ukubwani mnaijua aibu ya kukosea mbele ya watu. Basi tusimtwishe mtoto aibu hiyo. Jioni hii tukae naye chini, tuchore b moja mchangani.