Mkono Unaoshika Jiwe na Mkono Unaotia Saini: Uongozi katika Utafutaji wa Madini Kusini mwa Tanzania

Mhadhara wa umma uliotolewa Rondo, Mkoa wa Lindi

 

Nimeombwa nizungumzie viongozi wa sekta ya utafutaji wa madini: wanatoka katika taaluma zipi, na taaluma hizo zinawafanya waongoze vipi. Swali hili huulizwa mara nyingi katika kumbi za Dar es Salaam na Dodoma. Nimefurahi kwamba leo linaulizwa hapa, maana watu wa hapa wana haki nalo. Mashariki mwa uwanda huu wa juu, hadi Bahari ya Hindi, kuna miamba ya mashapo, yaani mchanga, tope na chokaa vilivyolundikana kwa mamilioni ya miaka. Magharibi, kuelekea Ruangwa na Nachingwea, kuna miamba kongwe iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, na humo mmeonekana madini ya kinywe, dhahabu na nikeli. Miradi ya kinywe ya Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo, yote ya wilayani Ruangwa, imejadiliwa na wenye hisa wa Australia ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga udongo huu.

Hoja yangu ni moja. Kiongozi wa utafutaji wa madini asipimwe kwanza kwa cheti chake, wala kwa mtaji aliokuja nao. Apimwe kwa umbali uliopo kati ya mtu anayeshika jiwe na mtu anayetia saini ripoti. Umbali huo ukiwa mfupi, ukweli hufika mezani ukiwa mzima. Ukiwa mrefu, hata shahada kubwa haziokoi kitu.

Taaluma zinazokutana kambini

Watu wengi wakisikia utafutaji wa madini humfikiria mjiolojia na nyundo yake. Kazi yenyewe ni ya wengi. Mjiolojia huchora ramani na kusoma miamba. Mjiofizikia hupima usumaku na upitishaji wa umeme chini ya ardhi. Mchorongaji huendesha mtambo usiku na mchana na kutoa nguzo ya mwamba kutoka kina cha mamia ya mita. Msaidizi wa uwandani hufyeka njia, hubeba sampuli na kuziandikia namba. Mkemia huzipima maabara. Mwanasheria hulinda leseni, mhasibu hulinda fedha, na afisa mahusiano huzungumza na kijiji. Juu ya wote yupo mkurugenzi, ambaye huenda alianza kama mjiolojia, mhandisi, wakili au muuza hisa.

Kazi hii hufanywa huku muda ukikimbia. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya kawaida ya utafutaji hutolewa kwa miaka 4, na inaweza kuongezwa miaka 3, kisha miaka 2. Ndani ya muda huo kiongozi atumie fedha za watu, achoronge, apime, aamue. Na katika sehemu nyingi zinazotafutwa duniani, jibu huwa ni kwamba hakuna madini ya kutosha kufungua mgodi. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kiongozi wa kazi hii ni uwezo wa kusikia neno "hakuna" kutoka kwa mtu wa chini yake, na kulipeleka juu bila kulipamba.

Tendaguru: ujuzi usio na cheo

Mfano wetu wa kwanza uko jirani. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyefanya kazi na kampuni ya utafutaji wa madini ya Lindi, aliona mifupa mikubwa mno ikichomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Visukuku havikuwa fani yake. Alitambua kwamba alichokiona kinahitaji jicho la mtu mwingine, akaipeleka habari mbele. Mwaka 1907 Eberhard Fraas wa Stuttgart alifika akathibitisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck.

Hao ndio viongozi wanaotajwa vitabuni. Kazi, hata hivyo, ilifanywa na mamia ya watu wa kusini, karibu 500 katika msimu wa kilele, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilifungashwa na kubebwa na wapagazi kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Kutokana nayo Berlin ilisimamisha kiunzi cha dinosaria chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Kati ya watu hao alikuwapo Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi na fundi mkuu wa kuiandaa mifupa. Hebu fikirini kazi hiyo inataka nini. Inataka jicho la kutenganisha mfupa na jiwe linalofanana nao, mkono unaojua nguvu kiasi gani inatosha, na kauli ya kuwapanga watu mashimoni ili kila kipande kijulikane kimetoka wapi. Kipande kikipoteza mahali pake, sayansi yake nayo hupotea. Huo ni uongozi wa kitaalamu kwa kila kipimo, isipokuwa kipimo cha cheo na mshahara.

Mwaka 2007, karibu miaka 100 baada ya uchimbaji kuanza, mwanasayansi Kristian Remes alimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Ni heshima ya haki, nami naifurahia. Lakini heshima inayokuja baada ya karne haiwezi kumpandisha mtu cheo. Haikumpa Boheti nafasi ya kuandika alichokijua, wala haikuwafungulia wanawe mlango wa chuo. Ujuzi wake ulitumika kikamilifu, na njia yake ya kupanda ikaishia shimoni. Hilo ndilo nataka tulitazame bila kuzungukazunguka, kwa sababu bado linatokea.

Busang: umbali unapozaa uongo

Mtu anaweza kusema kwamba kumheshimu anayeshika jiwe ni suala la utu tu, na biashara ni kitu kingine. Naomba nimpeleke Indonesia, kisiwa cha Borneo, mahali paitwapo Busang. Miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza kwamba imegundua huko mojawapo ya akiba kubwa kabisa za dhahabu duniani. Mwanzilishi wake, David Walsh, alitoka katika biashara ya hisa. Thamani ya kampuni ilipanda hadi kufikia dola za Kanada takriban bilioni 6. Mwaka 1997 kampuni nyingine ilipochoronga kandokando ya mashimo yaleyale, haikuona dhahabu ya maana. Ukaguzi huru ukabaini kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Hisa zikawa karatasi tupu, na akiba za uzeeni za watu wengi zikayeyuka.

Uongo huo ulipita wapi? Utaratibu wa kawaida ni kuipasua nguzo ya mwamba kwa urefu, nusu moja ipelekwe maabara, nusu ya pili ibaki kambini kama shahidi. Bre-X waliisaga nguzo nzima. Hapakubaki shahidi. Wakurugenzi, mabenki na wachambuzi walisoma majedwali mazuri, na kati ya majedwali hayo na mwamba hapakuwa na mtu wa kuuliza, "Nusu ya pili iko wapi?" Kila fundi mzoefu wa kambini anajua kuuliza swali hilo. Tatizo ni kwamba hakuna njia ya kulifikisha kwenye bodi.

Kutokana na kashfa hiyo Kanada ilitunga kanuni mpya zilizoanza mwaka 2001, zikidai kila taarifa ya madini isimamiwe na mtu mwenye sifa, anayetajwa kwa jina. Australia nayo ina kanuni za JORC, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1989. Humo mtaalamu anayeidhinisha makadirio lazima awe mwanachama wa chombo cha kitaaluma chenye uwezo wa kumwadhibu, na awe na uzoefu usiopungua miaka 5 katika aina ileile ya madini. Maana yake ni hii: masoko makubwa yamekubali kwamba fedha peke yake haitoshi kuongoza. Saini lazima iwe ya mtu anayelijua jiwe.

Kilwa: umbali ulipofupishwa

Mfano mwema nao tunao nyumbani. Mwaka 1974 kampuni ya Italia, AGIP, iligundua gesi Songo Songo, ikaona haina faida ya kibiashara, ikaiacha. Shirika letu la maendeleo ya petroli, TPDC, halikuiacha. Liliendelea kuchoronga na kutunza takwimu, na mwaka 2004 gesi hiyo ikaanza kufika Dar es Salaam. Ni miaka 30 ya subira. Subira ya namna hiyo haipatikani mahali ambapo wataalamu hubadilishwa kila kiongozi anapobadilika.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa vyuo vya Ulaya wakishirikiana na TPDC walianza kuchoronga visima vya kisayansi Kilwa na Lindi. Udongo wa mfinyanzi wa pwani yetu umehifadhi viumbe vidogo vya bahari vya kale, foraminifera, kwa ubora usio wa kawaida, kiasi kwamba maganda yake yanatumika kukadiria joto la bahari la mamilioni ya miaka iliyopita. Karibu na Pande walipata tabaka za wakati dunia ilipopoa ghafla, takriban miaka milioni 34 iliyopita. Mwaka 2006 tabaka za Kundi la Kilwa zilipewa rasmi majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande.

Katika makala za mradi huo limo jina la Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa TPDC. Hakutajwa pembeni kwa shukrani, ni mmoja wa waandishi. Kati ya Boheti na Singano tumetembea njia ndefu, na njia hiyo ilijengwa: kwa Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa Chuo cha Madini Dodoma, na kwa taasisi ya umma iliyoajiri wataalamu na kuwalea. Swali linalobaki ni nani bado yuko nje ya njia hiyo.

Jiolojia bila sheria, sheria bila jiolojia

Nisieleweke kwamba wajiolojia peke yao ndio waongoze. Mwaka 2017 nchi yetu ilipotaka kujua kilichomo katika makontena ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, kamati ya kwanza iliongozwa na mjiolojia, Profesa Abdulkarim Mruma. Ya pili, iliyochunguza mikataba na uchumi wake, iliongozwa na mchumi, Profesa Nehemiah Osoro. Kampuni iliyohusika ilipinga matokeo, na majadiliano yakafuata. Jambo ninalolichukua hapo ni kwamba swali moja la madini lilihitaji taaluma mbili, na zilikutanishwa baada ya mgogoro kuzaliwa, wakati zilipaswa kuketi meza moja tangu leseni ilipoandikwa.

Kusini tunalijua hilo kwa gharama. Nikeli ya Ntaka, wilayani Nachingwea, ilichorongwa kwa miaka mingi. Leseni za aina iliyoishikilia zilifutwa kwa mabadiliko ya sheria, shauri likafika mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na mwaka 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Nchi ina haki kamili ya kubadili sheria za mali yake. Lakini haki hiyo inahitaji viongozi wanaoweza kusoma ramani ya miamba na mkataba wa uwekezaji kwa pamoja. Mwanasheria wa madini ambaye hajawahi kulala kambini ana upungufu, kama alivyo mjiolojia asiyeweza kusoma mizania ya fedha.

Njia ya kupanda

Basi tufanye nini? Kwanza, ujuzi wa msaidizi wa uwandani uandikwe. Kijana wa Ruangwa au Rondo anayefanya kazi na kampuni tatu mfululizo hujifunza kupanga nguzo za mwamba, kuchukua sampuli bila kuzichafua, kusoma ramani na kulinda namba. Kampuni ikifunga kambi, huondoka na buti na kofia. Awe na daftari la ujuzi linalotiwa saini na mtaalamu aliyemsimamia, na vyuo vyetu vilipokee daftari hilo kama sehemu ya sifa za kujiunga. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, na Chuo cha Madini wanaweza kulianzisha hilo bila kusubiri mwekezaji yeyote.

Pili, kila ripoti itaje majina ya timu nzima, pamoja na mchorongaji na msaidizi, na kazi aliyoifanya kila mmoja. Jina lililoandikwa hubeba wajibu, na pia hubeba haki ya kuulizwa.

Tatu, kiongozi arudi kijijini na majibu, hata kama jibu ni "hakuna". Watu waliofyekewa njia mashambani wana haki ya kujua kilichoonekana chini ya mikorosho yao. Mkutano mmoja wa kijiji wenye ramani na lugha inayoeleweka huzuia uvumi wa miaka 10.

Nne, na hili nawaambia wenzangu wa chuo kikuu: tuwafundishe wanafunzi wetu wa jiolojia sheria na hesabu za fedha, na tuwalete wanafunzi wa sheria na uhasibu kambini wakiwa bado wanafunzi. Mtihani wa mwisho wa mjiolojia uwe pamoja na kueleza alichokiona kwa Kiswahili, mbele ya watu kama ninyi, na kuyajibu maswali yenu. Asiyeweza kufanya hivyo hajawa tayari kuongoza, hata kama ramani yake ni nzuri.

Vijana wa Rondo, dunia sasa inatafuta kinywe na nikeli kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na watafutaji wataendelea kuja huku. Wengine watakuja na mitaji, wengine na shahada. Msikubali kuwa mikono tu. Someni sayansi na hesabu, ulizeni nusu ya pili ya nguzo iko wapi, na dai lenu la kwanza kwa kila kampuni liwe kuonyeshwa njia itakayomtoa mtu wa hapa shimoni hadi kwenye saini. Kampuni isiyo na njia hiyo ina kasoro ya uongozi, na kasoro hiyo itakuja kuonekana katika hesabu zake.