Zamu ya Masomo Nayo ni Zamu

Kijana akimaliza kidato cha nne hapa Ngamiani hudhani amepumzika na kengele. Kweli, haimlii tena. Lakini hapo ndipo muda wake unapoanza kugombewa.

Namzungumzia yule wa kawaida kabisa. Mchana yuko gereji anajifunza ufundi, au anauza dukani kwa ami yake. Usiku ajisomee, maana anarudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ada imetoka kwenye vitumbua vya mama yake. Baada ya magharibi dele la kahawa limeshafika, dhumna zinagongwa, na Coastal Union na African Sports wanabishaniwa kana kwamba ubingwa wa Coastal wa 1988 ulichukuliwa jana. Saa nne anafungua daftari. Saa nne na robo amelilalia.

Mmoja wao, wa Barabara ya 12, aliniambia: "Mjomba, nikikaa ndani wanasema najidai msomi. Nikitoka, kitabu kinalala."

Si jambo la kudharau. Mtu akifiwa hapa, turubai, maji na wachimba kaburi havitafutwi kwa tangazo. Watu huja wenyewe, nao hukumbuka nani huonekana na nani haonekani. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaowashauri vijana wajifungie. Maziko ni maziko, na harusi ya jirani ni harusi. Ila msiba hauji kila jioni. Kahawa ndiyo inayokuja kila jioni.

Wazee watakumbuka miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha mbolea kilipokuwa kikifanya kazi. Aliyeingia zamu ya usiku hakuambiwa anaringa. Barazani ilijulikana fulani yuko zamu, basi. Akilala mchana, watoto walifukuzwa dirishani pake. Zamu ya mwanafunzi inavunjwa kwa sababu anaijua peke yake, kimoyomoyo. Aitangaze! Aseme: Jumatatu hadi Alhamisi, baada ya isha mpaka saa nne, niko zamu, Ijumaa niwekeeni nafasi. Na simu aizime, kwani siku hizi baraza imehamia humo pia, tena haina saa ya kuvunjika.

Serikali ilikwisha kukubali kwamba mtu aweza kusoma huku anafanya kazi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya 1975, na Chuo Kikuu Huria kilianza kupokea wanafunzi 1994. Baraza zetu ndizo zilizochelewa.

Kwa binti, hesabu ni nyingine. Yeye haitwi kahawa, anaitwa jikoni, na akisema yuko zamu huambiwa aoshe kwanza masufuria. Hapo wa kuitangaza zamu si yeye. Ni baba mwenye nyumba, na masufuria ya siku hizo nne aoshe kaka mtu.