Maziwa kwa Afya na Ngozi
Mazungumzo na wazazi wa Kata ya Bangwe



Maziwa yana protini, vitamini na madini ya kalisi yajengayo mifupa na meno. Nayo ngozi hunufaika na lishe njema. Asiyeyamudu kila siku asikate tamaa: dagaa wa ziwa letu, waliwao pamoja na mifupa yao, wana kalisi hiyo hiyo.

Wapo wapakao maziwa usoni. Mtindi una asidi ilainishayo ngozi kidogo, lakini hauponyi upele wala vidonda. Mtoto mwenye upele apelekwe zahanati. Asioshwe kwa maziwa mabichi, kwani vijidudu hupenya penye mchubuko.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa. Maziwa yasiyochemshwa huweza kumwambukiza mnywaji brusela au kifua kikuu cha ng'ombe. Homa ya brusela hupanda na kushuka, viungo huuma, na mgonjwa hudhaniwa kuwa ana malaria. Kwa hiyo, maziwa yachemke sawasawa, kisha yafunikwe katika chombo safi. Hata mtindi ugandishwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa. Homa isipokoma, na kipimo cha malaria kisionyeshe kitu, mwambieni tabibu kama mgonjwa alikunywa maziwa mabichi. Neno hilo moja laweza kumfupishia mateso.

Mwisho, mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama yake pekee. Ya ng'ombe wakati wake utafika.