Tuliokuwa Manamba, Sasa Tunaajiri

Mhadhara wa umma kwa waajiri wa Munanila, Kasulu na Kibondo



Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuwaandikishia vibarua, SILABU, na Buha, yaani huku kwetu Kigoma, ikawa miongoni mwa sehemu ilizozitegemea sana. Babu zetu walisafirishwa kwa malori na treni mpaka Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba. Ujira ulihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kutoroka kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la jinai. Mkataba wa maandishi ulikuwepo, na babu aliutia dole gumba. Lakini uliandikwa kumlinda mwenye shamba, kwa lugha ambayo babu hakuisoma.

Nawakumbusha hayo kwa sababu leo mjukuu wa manamba ndiye mwenye shule ya binafsi, duka la dawa, nyumba ya wageni, mashine ya kukoboa, au shamba la kahawa lenye wachumaji. Wengi wetu tunadhani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ni ya viwanda vya Dar es Salaam na migodi ya Geita. Inamhusu mwalimu wa chekechea wa Munanila sawasawa na karani wa benki. Nayo ilirekebishwa mwaka 2025, na marekebisho hayo yanatugusa mfukoni.

Nianze na kufukuza kazi, maana hapa ndipo waajiri wadogo wanapoangamia. Kwetu mtu hufukuzwa kwa mdomo, jioni, mara nyingi kwa hasira: kesho usije. Kabla ya marekebisho, fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali ilitajwa kwa kiwango kimoja, isipungue mshahara wa miezi 12. Sasa imegawanywa. Ukimwachisha mtu bila sababu halali, isipungue miezi 12. Ikiwa chanzo ni ubaguzi au unyanyasaji wa kingono, isipungue miezi 24. Ikiwa sababu ilikuwepo lakini utaratibu ulikiukwa, isipungue miezi 6.

Nimewasikia waajiri wakishangilia hiyo miezi 6, wakisema mzigo umepungua. Nadhani wamefurahi mapema. Mahakama ya Rufani iliwahi kukubali fidia ya miezi 3 tu pale ambapo sababu ilikuwa halali na kilichopungua ni utaratibu. Mlango huo ndio sheria mpya imeufunga. Mwenye duka aliyemkamata msaidizi wake na fedha za mauzo, akamfukuza papo hapo, anaweza kuwa na haki kabisa kuhusu wizi na bado akalipa mishahara ya nusu mwaka.

Utaratibu wenyewe hauhitaji wakili. Mwandikie mfanyakazi tuhuma zake waziwazi. Mpe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48. Mwache aje na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Msikilize kabla ya kuamua, kisha mpe uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Kinachotushinda ni kule kumsikiliza, kwa sababu tumezoea kwamba anayelipa ndiye anayesema. Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kwake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mbele ya Tume ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kuwa alitenda haki. Asiye na karatasi atathibitisha kwa kitu gani?

Karatasi hiyo inaanza siku ya kuajiri. Sheria inadai maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani, likizo ipi. Yasipokuwepo, na mfanyakazi akadai kuwa mlipatana mshahara fulani, ni wewe utakayebeba mzigo wa kukanusha. Na hapa babu yangu angeinua kichwa: sheria ya leo inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maandishi anafafanuliwa kwa namna anayoielewa. Ikiwa ni Kiha, basi iwe Kiha.

Wenye kahawa wana jambo la kufurahia kwa haki. Zamani mkataba wa muda maalumu uliruhusiwa kwa wataalamu na mameneja. Sasa unaruhusiwa pia kwa kazi za msimu, kwa mradi wenye kikomo, na kwa kazi iliyoongezeka kwa muda usiotarajiwa kuzidi miezi 12. Mchumaji anaweza kuajiriwa kwa msimu, kihalali, mradi mkataba uandikwe.

Likizo nazitaja kwa ufupi. Mama aliyejifungua mtoto njiti anaongezewa muda juu ya siku 84 za kawaida, na baba wa mtoto huyo anapata siku 7 badala ya 3. Mkikubaliana, mfanyakazi anaweza kuchukua likizo isiyo na malipo hadi siku 30. Mshahara nao umepanda: kuanzia Januari 1, 2026, kima cha chini cha sekta binafsi kiliongezwa kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322. Kila sekta ina kiwango chake ndani ya amri ya mishahara, kwa hiyo mwenye shule na mwenye shamba wasisome mstari mmoja.

Limebaki la mpakani, na nalisema kwa uchungu. Ndugu zetu kutoka Burundi huvuka kuja kulima kwetu. Sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni inadai kibali cha kazi, na anayeajiri bila kibali anavunja sheria. Lakini kuna tabia mbaya zaidi: kumlimisha mtu wiki nzima, kisha siku ya malipo kumtishia kwa Uhamiaji ili aondoke mikono mitupu. Huo ni wizi wa jasho, na unafanywa na wajukuu wa watu waliojua maana ya siku iliyofanyiwa kazi isiyoandikwa kwenye kipande. Kama huna kibali chake, usimwite shambani. Ukishamwita na akalima, mlipe.