Zimwi Nalo Lilale



Leo tuzungumze juu ya zimwi. Msicheke kwanza, mtacheka baadaye.

Mtoto akikataa kulala, wengi wetu twasema: "Nyamaza, zimwi linakuja!" Mtoto ananyamaza kweli. Lakini hakulala, ameogopa. Usiku wa manane akibanwa na mkojo, atathubutu kutoka nje kwenda chooni? Anakojoa kitandani, na asubuhi tunampiga. Je, hiyo ni haki?

Dawa ipo, wala hainunuliwi dukani. Tulifanye zimwi kichekesho. Chukua wimbo wa kubembeleza anaoujua mtoto wako. Palipo na mtoto, weka zimwi. Kwa mfano:

Lala zimwi, usilie,
Uji wako ujilie;
Jino lako limeng'oka,
Nyama ngumu, utachoka.

Zimwi lenye pengo, tena linabembelezwa, litamtisha nani?

Jambo hili si geni duniani. Huko Uingereza, mwaka 1806, Jane Taylor alitoa shairi la watoto juu ya nyota ndogo. Watoto wengi wakalishika kichwani. Mwaka 1865 Lewis Carroll, mwalimu wa hesabu huko Oxford, akaligeuza kwa mzaha katika kitabu chake juu ya msichana Alice. Pale penye nyota, yeye akaweka popo! Anayejua shairi la kwanza ndiye anayecheka zaidi. Basi nanyi anzeni na wimbo ambao mtoto anaujua vizuri.

Na kusoma je? Kumo humo humo. Andika wimbo wa zimwi kwa herufi kubwa. Tazama maneno haya mawili: usilie, ujilie. Herufi moja tu imebadilika, s imekuwa j. Lakini la kwanza ni kulia machozi, la pili ni kula. Mwambie mtoto aionyeshe herufi hiyo kwa kidole. Hapo yeye anajifunza, na wewe hukisahau kisomo chako.

Ila tuangalie jambo moja. Tusifanye mzaha na mamba wa mtoni, wala nyoka, wala moto wa jikoni. Hivyo vinadhuru kweli, na mtoto lazima aambiwe ukweli wake. Zimwi la hadithi ndilo la kuchekwa.

Basi usiku wa leo kila mmoja atunge mistari minne. Baba naye asiseme hiyo ni kazi ya mama.